Korongo Halipigi Hodi: Vidokezo 11 vya Kujipanga Kabla Mvua za Hombolo Hazijaanza

Kiangazi kikishika, korongo huwa uwanja wa mpira. Watoto wanasimika magoli ya vijiti, kina mama wanafukua mchanga wachote maji, ng'ombe wanajipitia zao. Nani atakumbuka mafuriko?

Yakumbuke wewe. Dodoma, iliko Hombolo yetu, hupata mvua kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kidogo kweli, ila zote hujibana kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi hushuka kwa kishindo. Ndiyo maana mtu anaweza kulia njaa mwezi Novemba na kuhamisha godoro Januari. Habari njema ni kwamba tahadhari zinatolewa, tena bure. Kinachopungua ni kipande cha mwisho cha safari: kutoka redioni hadi mlangoni kwako, na kutoka kwako hadi kwa bibi wa jirani asiye na simu. Kazi hiyo haitaki semina wala posho. Haya, twende.

1. Zijue rangi tatu, upunguze presha

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina ngazi tatu za kukushtua. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu wengi husikia "mvua kubwa" wakaishia hapo, wengine wakakimbia, wengine wakalala. Sikiliza mambo matatu tu: mkoa uliotajwa, uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kisha kubaliana na familia mapema: njano, tunaingiza nguo na kuchaji simu; chungwa, hakuna anayevuka korongo na watoto hawalali chumba cha bondeni; nyekundu, tunahamia kwa shangazi kule juu. Liandikeni hilo kwenye karatasi, mlibandike nyuma ya mlango. Dakika tano zinatosha, na mkiwa mmeshaamua hamtaanza kubishana saa nane za usiku.

2. Usiangalie wingu la kwako, angalia la wenzako

Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilie. Maji ya Hombolo hayatoki mbinguni kwa Hombolo peke yake. Mto Kinyasungwe Ndogo hukusanya maji ya upande wa Makutupora, yakashuka hadi kwenye Bwawa la Hombolo, lile lililojengwa mwaka 1957. Kwa hiyo jua linaweza kukuwakia utosini huku maji ya mvua iliyonyesha mbali yakiwa njiani kuja kwako. Bwawa lenyewe, kama mabwawa mengi ya nchi kame, limekuwa likipokea mchanga na tope mwaka hadi mwaka, na kila tope linaloingia ni nafasi ya maji inayopotea.

Maji yakishakupita hayaishii hapo. Mto unaendelea kuelekea Gulwe na Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mafuriko ya ukanda huo yalisomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za Reli ya Kati zikakwama kwa miezi. Mtu wa Hombolo na mtu wa Gulwe ni majirani, hata kama hawajawahi kuonana.

Mbinu ni hii: tafuta rafiki mmoja anayeishi upande maji yanakotoka. Shemeji, mteja wako wa zabibu, mtu mliyesoma naye, yeyote. Mwambie, "Mvua kubwa ikikupiga, nibip." Bip haina gharama. Nawe uwe na mtu wako wa upande maji yanakokwenda, umbip.

Na kabla hujaichukia mvua kubwa, sikia hili. Watafiti walichambua rekodi ya miaka 55 ya kina cha maji ya ardhini Makutupora, ambako jiji la Dodoma huchota maji yake, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waligundua kwamba visima vile havijazwi na manyunyu ya kawaida. Hujazwa na misimu michache ya mvua kali, hasa ile ya El Niño ya 1997/98. Maji yaleyale yanayobomoa ukuta wako ndiyo unayokunywa miaka kadhaa baadaye. Hatuyafukuzi basi, tunayapisha njia.

3. Kifundo cha mguu kinatosha kukuangusha

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuifanya gari ndogo ielee. Dereva wa bodaboda atakuambia, "Panda, mama, nalijua hili korongo." Analijua lilivyokuwa jana! Chini ya maji hayo mchanga umehama na shimo jipya limechimbika, na yeye hana macho ya kuona chini ya tope. Chomeka kigingi ukingoni wakati huu wa kiangazi, kipake rangi nyekundu usawa wa kifundo cha mguu, ukipima kuanzia chini ya korongo mahali mnapovukia. Rangi ikimezwa, safari imeahirishwa. Kubalianeni na mwalimu mkuu pia: mtoto anayeishi ng'ambo analala kwa mwenzake siku hiyo, na hakuna viboko vya utoro kesho yake.

4. Mvua isipokuja, usinune

"Walisema kimbunga, mbona hakikuja?" Maneno hayo yalisikika sana Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilipopoteza nguvu kabla hakijaifikia pwani yetu. Mei 2024 kikaja Hidaya, tahadhari zikatolewa tena, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Wale waliokuwa bado wamenuna kwa sababu ya Jobo, sijui walikuwa wakisubiri nini.

TMA hutabiri uwezekano, haikuandikii hundi. Ukihamisha gunia la mtama juu ya dari na mvua isinyeshe, umepoteza nini? Jasho. Usipolihamisha na ikanyesha? Unajua mwenyewe bei ya gunia mwezi Februari. Siku ya tahadhari "iliyokosea" ifanye siku ya mazoezi: nani alisahau dumu, nani alishindwa kumpata babu, tochi ya nani haikuwaka.

5. Mpe kila jirani asiye na simu mtu wake

Bangladesh, nchi ya mito na vimbunga, ilipoteza mamia ya maelfu ya watu katika kimbunga cha Novemba 1970. Baada ya hapo ilijenga jeshi kubwa la watu wa kujitolea wanaopita mitaani na bendera, vipaza sauti na baiskeli, wakigonga mlango kwa mlango. Vimbunga havijaacha kuja, ila vifo vimepungua mno. Siri yao ni miguu na sauti.

Sisi tunayo hayo yote. Kuna spika za msikiti, kengele ya kanisa, kengele ya shule, kuna filimbi ya mgambo, na kuna yule kijana anayetangaza mnada kwa sauti inayofika Ihumwa. Kaeni na mwenyekiti wa mtaa mchague mlio mmoja ambao hautumiki kwa jambo jingine lolote. Mlio wa ibada usiwe mlio wa mafuriko, la sivyo watu watakuja na Biblia badala ya kukimbia.

Kisha gawaneni majina. Wewe unamchukua bibi wa nyumba ya tatu, yule asiyesikia vizuri. Jirani yako anachukua kijana mwenye ulemavu wa miguu na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwenye pikipiki anachukua mama aliye karibu kujifungua. Taarifa ikitoka, kila mtu anakwenda kwa mtu wake, haendi kwa kila mtu. Kundi la WhatsApp la mtaa ni zuri, lakini bando huisha, na nusu ya watu wamelinyamazisha kwa sababu ya picha za "asubuhi njema".

6. Ndoo moja, mfuniko mmoja, amani tele

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usiniulize vyeti uvifungie wapi. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaokaza. Ndani weka vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi ya bima na karatasi za kiwanja. Ongeza tochi, betri, kiberiti ndani ya kopo la dawa lililokauka, dawa za mzee wa presha, pedi, kanga mbili, na noti ndogondogo, maana siku ya mafuriko hakuna wakala wa kukutolea pesa. Simu ya kitochi ya zamani iliyolala kabatini nayo itie humo; chaji yake hukaa siku kadhaa ilhali hiyo janja yako itazimika kabla ya alasiri.

Juu ya mfuniko weka dawa ya kutibu maji. Mafuriko yakipita vyooni na visimani, kipindupindu hufuata nyuma yake bila aibu. Maelekezo ya kipimo yako kwenye pakiti, yasome leo ukiwa na mwanga. Na ndoo ikae mahali pamoja siku zote. Anayeichukua kwenda kuchotea maji ya kuogea ajue amevunja katiba ya nyumba.

7. Hesabu radi kwa vidole

Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Gawa kwa tatu: sekunde tisa ni kama kilomita tatu. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya jengo la kudumu au gari lililofungwa. Mbuyu si mwavuli! Najua kivuli chake kinavutia na wachungaji wamekizoea, lakini mti mrefu uliosimama peke yake nyikani ndio radi huupenda. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla hujarudi shambani au bwawani. Wavuvi wa perege, nanyi mmesikia.

8. Ardhi nayo ina mishipa yake

Hapa hakuna wa kukuonya, kwa hiyo maandalizi ndiyo onyo. Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na wanajiolojia wameorodhesha nyufa hai za eneo hili: Bubu, Mponde, Saranda, Makanda, na, ndiyo, Hombolo. Novemba 2002 Dodoma ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 5.5. Kagera walipata lao la 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, na kilichoua na kujeruhi kilikuwa hasa kuta zilizoanguka.

Tazama nyumba yako sasa. Tembe la zamani lina paa zito la udongo juu ya nguzo. Nguzo zilizoliwa na mchwa zibadilishe kwanza. Ukijenga ya matofali, usimruhusu fundi aruke lenta kwa kisingizio cha kubana bajeti. Mkanda huo wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima ndio unaozishika kuta zisitawanyike. Kabati la vyombo lifunge ukutani, na kitanda cha mtoto kisikae chini ya rafu yenye sufuria.

Ikianza kutikisika: ukiwa kwenye nyumba ya tope ya chini na mlango uko hatua chache, toka uende uwanjani, mbali na ukuta na nyaya. Ukiwa ghorofani mjini, ingia chini ya meza imara, ishikilie, linda kichwa, usikimbilie ngazi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao yake yako hapo hapo Dodoma mjini. Taarifa za baada ya tetemeko zisikilize kutoka kwao, usizichukue kwa yule anayetuma sauti za "saa saba usiku litarudi kubwa zaidi". Hakuna binadamu anayejua saa ya tetemeko.

9. Kondoo ni king'ora cha miguu minne

Mvua zikizidi, mbu huzidi, na Homa ya Bonde la Ufa hupata nafasi. Mwanzoni mwa 2007 ugonjwa huo uliikumba Tanzania, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana zizini: kondoo na mbuzi wanaotupa mimba kwa wingi, na watoto wao kufa ghafla. Ukiona hivyo, mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje mnada upite. Usichinje mnyama mgonjwa, usimle aliyekufa mwenyewe, chemsha maziwa, na usiguse kilichotoka tumboni kwa mikono mitupu. Najua inauma kumzika mbuzi mzima mzima, lakini nyama ya bure ya aina hiyo hospitali huidai kwa riba.

10. Janga la polepole ndilo hodari wa kutuua

Mafuriko yana kelele, ukame hauna. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula kuchukuliwa na majeshi na mvua kukatika. Leo tuna utabiri wa msimu ambao TMA huutoa kabla ya mvua za Novemba hadi Aprili. Ukisikia "wastani hadi chini ya wastani", hicho ni king'ora, ingawa kimesemwa kwa upole.

Jibu lake ni shambani. Punguza mahindi, ongeza mtama na uwele. Mtama wa Macia hukomaa mapema, na kituo cha utafiti cha TARI kipo hapa hapa Hombolo. Watu wanatoka mbali kuja kuuliza mbegu, sisi tunapita getini tukiwa na haraka. Kausha mlenda wa kutosha. Na usiuze magunia yote mwezi wa sita kwa sababu harusi imekaribia.

Chakula kilichohifadhiwa vibaya nacho kinaua. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyoota ukungu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha jaribu hivi: tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, rudisha juani. Punje zenye ukungu zitupe, usimpe kuku, usipikie pombe.

11. Mdai mtendaji kamati yako

Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh. Watu 89 walipoteza maisha. Hanang si mbali nasi, na tope lile halikumpa mtu nafasi ya kutafuta namba ya simu ya kiongozi.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye mkutano ujao wa hadhara, nyoosha mkono uulize kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani, na tukihama tunakwenda jengo gani?" Maswali mawili tu. Hombolo tuna Chuo cha Serikali za Mitaa, panapofundwa watendaji wa nchi nzima; itakuwa aibu tukose majina matano ya wajumbe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa.

Wakijibu vizuri, wapigie makofi. Wakijikanyaga, jitolee kuwa mjumbe.

Halafu ukifika nyumbani chukua kipande cha mkaa, uandike ukutani jikoni, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa la pili atazisoma: polisi na dharura 112, Zimamoto na Uokoaji 114, na 115 kwa usafiri wa dharura wa mama mjamzito na mtoto mchanga. Chini yake andika namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya yule rafiki yako wa upande wa Makutupora. Mkaa hauna bando la kuisha.